PANAUMA HAPA, CHANZO KIKO KULE
Mazungumzo kwa akina mama na walezi kuhusu misuli iliyokaza

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, endelea kupika huku ukinisikiliza. Kama unanyonyesha, nyonyesha. Leo nitakuomba ujaribu mambo machache hapo hapo ulipo, na hutahitaji kununua chochote.

Tunazungumza juu ya maumivu: kichwa kisichokwisha kuuma, maumivu yanayoshuka mguuni, na kisigino kinachochoma asubuhi. Wengi wetu tukiumwa mahali, tunapasugua pale pale, tunapapaka dawa pale pale na kupafunga kitambaa pale pale. Mara nyingi hakuna ubaya. Lakini kuna wakati panauma hapa, na chanzo kiko kule. Usipolijua hilo, utatibu mahali pasipo na ugonjwa, pesa zitakwisha, na maumivu yatabaki.

Hebu nikusimulie kisa kimoja.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa watoto watatu alikuja katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi. Alilalamika kwamba kichwa kinamuuma kwenye panja la kulia na nyuma ya jicho, karibu kila siku, na zaidi wakati wa jioni. Alikuwa tayari amemeza dawa za malaria mara mbili bila kupimwa damu. Tulimpima, hakuwa na malaria. Tukampima shinikizo la damu, lilikuwa sawa. Nikampa dawa za kutuliza maumivu, nikamwambia apumzike. Nakiri kwamba sikumwangalia zaidi ya hapo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Alirudi mara ya pili, nikampa dawa zile zile. Mara ya tatu nilimwona kabla hajaingia. Alikuwa ameketi kwenye benchi akimnyonyesha mtoto. Kichwa alikuwa amekiinamisha, na bega la kulia limepanda karibu liguse sikio. Alipoingia nilimwomba ruhusa nimguse bega. Nilipouminya ule msuli ulio kati ya shingo na bega, nilikuta umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Alishtuka, akasema, "Sista, hapo hapo! Umekiamsha kichwa." Mimi nilikuwa nimegusa bega, lakini yeye alisikia maumivu kwenye panja.

Siku hiyo ndipo niliposikiliza vizuri. Kila siku alichota maji mara nne kwa mtungi wa lita 20, akiubeba mgongoni kwa mkanda uliopita juu ya kichwa. Mtungi huo ukijaa una uzito wa kilo 20. Usiku alimnyonyesha mtoto akiwa ameketi bila kuegemea kitu. Binti yake mkubwa alikuwa akikosa shule kila wiki ili afanye kazi za nyumbani mama akiwa amelala. Mume alianza kusema mke wake amekuwa mvivu. Na yeye mwenyewe, usiku, aliogopa kwamba ana uvimbe kichwani. Nitakuambia mwishoni alivyoendelea.

KWA NINI MAUMIVU HUSAFIRI

Mwili una neva, yaani nyuzi zinazopeleka habari kwenye ubongo. Neva za sehemu mbalimbali hukutana katika uti wa mgongo kabla habari haijafika kichwani. Ni kama ploti ya nyumba za kupangisha yenye lango moja. Mgeni akibisha langoni, mpangaji wa nyumba ya kwanza hutoka akidhani mgeni ni wake, kumbe anamtafuta wa nyumba ya nne. Neva za sehemu ya juu ya shingo hukutana na neva za uso. Kwa hivyo msuli wa shingo ukilia, ubongo unaweza kudhani kinacholia ni paji la uso au panja.

Jambo hili si hadithi. Mwaka wa 1938 daktari J. H. Kellgren wa London aliandika kuhusu majaribio aliyofanya na watu waliojitolea. Aliwadunga maji kidogo yenye chumvi ndani ya misuli, na mara nyingi walisikia maumivu mbali na pale sindano ilipoingia. Baadaye daktari Janet Travell wa Marekani, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy kuanzia 1961, alitumia miaka mingi kuchora ramani za maumivu hayo. Mwaka wa 1983 yeye na mwenzake David Simons walichapisha kitabu kikubwa kinachoonyesha msuli gani hupeleka maumivu wapi. Wataalamu bado wanajadiliana jinsi fundo la msuli linavyotokea, lakini kwamba maumivu ya msuli yanaweza kusikika mahali pengine, hilo linakubalika.

Kuna njia ya pili. Misuli huvuta mifupa. Fikiria mlingoti wa hema uliofungwa kamba pande zote. Kamba moja ikikazwa kupita kiasi, mlingoti huinama na mzigo huangukia upande mwingine. Vivyo hivyo msuli wa mguu ukikaza, kisigino ndicho kinachobeba taabu.

Na kwa nini misuli hukaza? Hukaza kwa kukaa katika hali moja muda mrefu, kama kuinama shambani ukipalilia au kufua nguo kwenye karai lililo chini. Hukaza kwa mizigo. Hukaza pia kwa wasiwasi na kukosa usingizi. Msuli uliojibana muda mrefu hubana mishipa yake ya damu, damu hupita kwa shida, na hapo maumivu huanza.

Sasa tuangalie sehemu tatu ambazo huwasumbua akina mama wengi.

1. KICHWA KINACHOANZIA SHINGONI

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Ukiketi wima, mifupa ya shingo husaidia kubeba uzito huo. Ukiinamisha kichwa kumtazama mtoto anayenyonya, au kutazama simu, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokishikilia kisianguke. Ifanye hivyo saa nzima, itachoka.

Jaribu nami sasa. Keti kwenye kiti. Shika ukingo wa kiti kwa mkono wa kulia ili bega lisipande. Sasa laza kichwa polepole upande wa kushoto, kama unataka sikio la kushoto liguse bega la kushoto. Usiinue bega kulifuata sikio. Utasikia mvuto upande wa kulia wa shingo. Kaa hapo, pumua polepole, hesabu hadi 30. Rudisha kichwa taratibu. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Rudia mara tatu kila upande.

Usizungushe kichwa kwa nguvu. Na usikubali mtu yeyote akukamate kichwa na kukipinda ghafla ili shingo "ilie," hata kama ni huduma ya bure baada ya kusukwa au kunyolewa. Mara chache jambo hilo limewahi kupasua mshipa wa damu unaopeleka damu kwenye ubongo.

Unaponyonyesha, mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwa mtoto. Weka mto au leso iliyokunjwa chini yake, na uegemeze mgongo ukutani. Badilisha upande.

2. MAUMIVU YANAYOSHUKA MGUUNI

Mama mwingine atakuambia, "Mguu unaniuma kutoka hapa kwenye makalio mpaka chini." Yeye husugua mguu. Lakini ndani ya makalio kuna misuli midogo iliyofunikwa na ule mkubwa. Misuli hiyo ikikaza inaweza kupeleka maumivu pajani na hata karibu na kifundo cha mguu. Mmoja wao unapita juu ya neva nene kuliko zote mwilini, yenye unene kama wa kidole, inayoshuka mguuni. Kumbeba mtoto kwenye nyonga ile ile kila siku, na kuketi muda mrefu kwenye kigoda, huichosha misuli hii.

Keti kwenye kiti imara. Weka kifundo cha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto. Nyoosha mgongo, kisha inama mbele kidogo kutoka kwenye nyonga, bila kupinda mgongo. Mvuto utausikia ndani ya makalio ya kulia. Hesabu hadi 30. Badilisha mguu. Mama mjamzito anaweza kufanya zoezi hili pia, mradi asibane tumbo na asijilazimishe, kwa sababu wakati wa mimba viungo hulegea kuliko kawaida.

Ukisikia kitu kama umeme kikishuka mguuni, au ganzi, acha mara moja. Hiyo si dalili ya msuli uliokaza tu. Huenda neva imebanwa mgongoni, nawe unahitaji kupimwa.

3. KISIGINO KINACHOCHOMA ASUBUHI

Unaamka, unakanyaga chini, na hatua ya kwanza ni kama umekanyaga msumari. Ukitembea kidogo kinapoa. Ukiketi ukasimama, kinaanza tena. Chini ya wayo kuna utando mgumu unaoshikilia upinde wa mguu. Nyuma ya mguu kuna kigimbi, ambacho kimeshikamana na kisigino kwa kano nene. Kigimbi kikikaza, kisigino hakiwezi kutulia vizuri chini unapotembea, na ule utando wa wayo huvutwa kila hatua. Ndiyo sababu ukisugua kisigino peke yake hupati nafuu ya kudumu.

Kabla hujashuka kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vya mguu, uvivute kuelekea kwenye muundi hadi usikie wayo unakaza. Hesabu hadi 10, achilia. Rudia mara 10. Baadaye, simama ukitazama ukuta, weka mikono ukutani. Peleka mguu unaouma nyuma, goti likiwa limenyooka na kisigino kimekanyaga chini kabisa. Egemea mbele mpaka usikie kigimbi kinavutika. Hesabu hadi 30, mara tatu. Na zile patipati zilizoisha hadi zikawa kama karatasi, zipumzishe. Vaa kiatu chenye soli nene kidogo.

Kisigino kinahitaji subira. Nafuu huja baada ya wiki nyingi, wakati mwingine miezi.

KANUNI ZA KUNYOOSHA MISULI

Kwanza, nyoosha mpaka usikie mvuto, usifike kwenye maumivu. Ukikunja uso, umezidisha.

Pili, usirukeruke. Tulia pale pale na upumue.

Tatu, fanya kila siku au siku tano kwa wiki. Kunyoosha siku moja kwa bidii na kuacha wiki mbili hakusaidii. Msuli haurefuki kama mpira kwa siku moja. Kwanza ni neva ndizo zinazozoea na kuuruhusu msuli ulegee.

Nne, pasha joto kwanza ikiwezekana. Chovya kitambaa kwenye maji moto, kamua, weka juu ya msuli dakika 15. Pima joto kwa mkono usije ukajichoma, na usimwekee mtoto au mgonjwa aliyepooza bila kulijaribu wewe kwanza.

Tano, ondoa chanzo. Ukinyoosha shingo asubuhi kisha ukabeba mizigo ile ile kwa namna ile ile, ni kama kufagia huku upepo ukivuma. Inua karai la nguo liwe juu ya meza au mawe. Beba mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, badala ya mmoja wa lita 20. Ukipalilia, simama kila baada ya nusu saa, shika kiuno, jinyooshe. Tembea. Misuli inayofanyishwa kazi mbalimbali hukaza kidogo kuliko ile inayofanya kazi moja.

KUHUSU DAWA ZA KUTULIZA MAUMIVU

Mama, hapa nisikilize sana. Dawa za dukani za kutuliza maumivu ni nzuri zikitumiwa siku chache. Lakini mtu anayemeza hata tembe za kawaida za kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa zenyewe. Anameza kwa sababu kinauma, na kinauma kwa sababu anameza. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na huumiza figo. Mjamzito asizitumie bila kuagizwa na mhudumu wa afya. Na usimeze dawa za malaria kabla ya kupimwa damu.

WAKATI USINYOOSHE, NENDA HOSPITALI

Si kila maumivu ni ya msuli. Nenda haraka ukiona mojawapo ya haya:

Maumivu ya kifua yanayopanda kwenye taya au kushuka mkononi, pamoja na jasho au kuishiwa pumzi. Huo unaweza kuwa moyo.

Kichwa kikali kilichoanza ghafla, au kichwa pamoja na homa na shingo ngumu.

Mjamzito, au mama aliyejifungua karibuni, mwenye kichwa kikali, kuona ukungu, au uso na mikono kuvimba. Hiyo yaweza kuwa shinikizo la damu la uzazi, na linaua.

Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye kigimbi, hasa baada ya kujifungua. Yaweza kuwa damu iliyoganda. Usiukande.

Maumivu ya mgongo pamoja na kushindwa kuzuia haja au kushindwa kukojoa, ganzi katikati ya mapaja, au miguu kuishiwa nguvu.

Maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda, au jasho jingi usiku. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, nacho kinatibika.

NA MTOTO JE?

Kwa watoto, panauma hapa na chanzo kiko kule ni jambo la kuangaliwa zaidi. Mtoto akisema goti linamuuma, na anachechemea, na goti lenyewe halina jeraha wala uvimbe, mara nyingine tatizo liko kwenye nyonga. Kuna magonjwa ya nyonga yanayowapata watoto wadogo, na mengine huwapata wanapobalehe. Yakichelewa kutambuliwa, mtoto anaweza kubaki akichechemea maisha yake yote. Usimkande, usimnyooshe kwa nguvu. Mpeleke, na umwambie daktari, "Tafadhali mwangalie na nyonga pia." Kama ana homa na hataki kabisa kukanyaga, mpeleke siku hiyo hiyo.

Maumivu ya kawaida ya watoto wanaokua huwa miguu yote miwili, jioni au usiku, na asubuhi mtoto anacheza kama kawaida. Hayo yanahitaji tu kukandwa polepole na kubembelezwa.

Na wewe unayemtunza mtu aliyepooza au mtoto mwenye ulemavu wa viungo, misuli yake hukaza kwa kukosa kutumika. Muulize mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali iliyo karibu akuonyeshe jinsi ya kumnyoosha. Jifunze kwa kuona na kwa mikono yako. Usilazimishe kiungo kilichokwisha kujifunga.

MAMA YULE ALIENDELEAJE?

Nilimfundisha yule mama zoezi la shingo. Tulikubaliana apunguze tembe. Nilimwomba aje na mumewe, naye akaja. Nilimwomba mume auminye ule msuli kwa kidole, aone mwenyewe. Hakusema mengi. Lakini nilisikia baadaye kwamba maji yakaanza kuletwa kwa baiskeli.

Baada ya wiki sita alirudi. Sitakuambia kwamba kichwa kilipona kabisa. Kilikuwa kinamuuma mara moja au mbili kwa wiki badala ya kila siku, naye alijua la kufanya kinapoanza. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba hakuja na binti yake kubeba mtoto. Nilipouliza binti yuko wapi, alisema, "Yuko shule, sista. Sasa anaenda siku zote."

Nami nilijifunza. Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha panapouma, nahakikisha nimegusa na jirani zake.

Mama, leo jioni kazi zikipungua, keti dakika tano. Nyoosha shingo, nyoosha nyonga, nyoosha kigimbi. Mfundishe na jirani yako. Na maumivu yakizidi wiki mbili, au ukiona dalili zile za hatari nilizozitaja, usikae nyumbani ukisubiri. Njoo tukuangalie.